Mchupaji mmoja mara nne: namna picha za mfululizo zinavyolazwa kuwa picha moja

Jioni maji yanapojaa pale Forodhani, Unguja, vijana hupiga mbio na kuchupa baharini mmoja baada ya mwingine, huku jua likizama mbele yao na watu wamejipanga kuwatazama. Wapiga picha wengi wamepita pale, na picha wanayoondoka nayo kwa kawaida ni ile ya kijana aliyeganda hewani, mikono ametanua, miguu ikielekea angani. Ipo hata hivyo picha ya aina nyingine, ambayo kijana huyo huyo anaonekana mara nne ndani ya fremu moja: anauacha ukuta, anajikunja juu, anapinduka, ananyooka kuyafuata maji. Asiyejua hudhani ni ndugu wanne walioruka kwa kufuatana. Anayejua kidogo hudhani ni ujanja wa kompyuta tu. Wote wawili wamekosea, na huyo wa pili amekosea zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii huamuliwa kabla kijana hajaanza mbio zake.

Picha ya namna hii hupatikana kwa kupiga fremu nyingi kwa mfululizo wa haraka, kamera ikiwa imetulia mahali pamoja, kisha kuchagua baadhi ya fremu hizo na kuzilaza moja juu ya nyingine ili mandhari ibaki moja na mtu awe wengi. Kanuni yake ni nyepesi kuitamka: kisichosogea kionekane mara moja, kinachosogea kionekane kila kilipopita. Ugumu umejificha katika maneno hayo mawili. Bahari haichupi, lakini inasogea, mawingu yanasogea, kivuli cha mtu kinasogea pamoja naye, na wakati mwingine hata kamera inayodhaniwa imetulia inasogea. Programu haiwezi kujua ni mwendo upi tunautaka na upi hatuutaki, isipokuwa tuwe tumeipangia mambo tangu mwanzo.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kamera ya kidijitali. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge, Mwingereza aliyefanya kazi Marekani, alipanga kamera 12 kandokando ya njia ya mbio na kuzifungia nyuzi ambazo farasi alizikata kwa kupita, na picha zilizotoka zilionyesha kwamba farasi anapokimbia upo wakati ambapo kwato zake zote nne haziko ardhini. Picha zile zilibaki 12, kila moja peke yake. Mfaransa Étienne-Jules Marey, mtaalamu wa fiziolojia, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1882 alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki iliyopiga picha 12 kwa sekunde, na muda si mrefu akaanza kupiga hatua zote za mwendo juu ya bamba moja lisilosogea, yaani kioo kilichopakwa dawa inayonasa mwanga, kilichofanya kazi ya filamu. Ndani ya kamera alizungusha kisahani chenye mianya, na kila mwanya ulipopita mbele ya bamba, mwanga uliingia kwa kitambo kifupi mno. Mtu aliyepigwa picha alivaa nguo nyeupe na kupita mbele ya eneo jeusi tititi. Weusi hauachi alama kwenye bamba. Kwa hiyo mwanga uliweza kuingia mara nyingi bila mandhari kuharibika, na kila mara kilichoandikwa upya kilikuwa ni ule mwili mweupe tu.

Marey alikutana pia na tatizo ambalo mpiga picha wa Forodhani atakutana nalo leo. Alipoongeza idadi ya picha kwa sekunde ili aone mwendo kwa undani zaidi, miili ilianza kupandana, mguu wa picha ya tatu ukazama ndani ya kiwiliwili cha picha ya pili, na bamba likawa ukungu mweupe. Alilitatua kwa kumvalisha mtu nguo nyeusi mwili mzima, kisha kumwekea mistari na nukta nyeupe kufuata mikono na miguu, ili bamba lione mistari hiyo peke yake. Sisi hatuwezi kumvisha kijana wa Forodhani mavazi ya namna hiyo. Tunachoweza ni kuhesabu.

Tuchukue mfano wa mruko mmoja. Kijana anakuja kwa mbio, anauacha ukuta akiwa na mwendo wa mita 4 kwa sekunde kwenda mbele, anajirusha juu kiasi cha sentimita 40, na maji yako mita 3 chini ya ukuta. Kupanda hadi kilele kunamchukua karibu sekunde 0.29, na kushuka kutoka kilele hadi majini, umbali wa mita 3.4, kunamchukua sekunde 0.83. Mruko wote basi ni sekunde 1.1 na ushei. Kamera yenye uwezo wa fremu 10 kwa sekunde itarudi na fremu 11 au 12 za mtu aliye hewani, na yenye uwezo wa fremu 20 itarudi na mara mbili ya hizo. Hesabu hii hubadilika na maji. Wakati wa bamvua bahari inapojaa hasa, ukuta huwa mfupi na mruko nao hufupika, na anayekwenda kupiga picha bila kuuliza saa ya maji kujaa anaweza kukuta vijana wamekaa kitako wanasubiri, kwa kuwa hakuna mwenye akili atakayechupa penye kina kidogo.

Fremu 12 zinaonekana ni nyingi, na mtu hupata tamaa ya kuzitumia zote. Hapo ndipo picha nyingi zinapoharibika. Kwa mwendo wa mita 4 kwa sekunde, kati ya fremu moja na inayofuata kijana amekwenda mbele sentimita 40 tu, ilhali mwili wake, hata akiwa amejikunja, unachukua karibu mita moja. Ukizilaza zote, utapata kiumbe mwenye mikono kumi, pweza si pweza, mtu si mtu. Ukichukua fremu moja katika kila tatu, nafasi kati ya mwili na mwili inakuwa mita 1.2, na kila mmoja anapata hewa ya kumzunguka. Kwa mruko wetu hiyo ina maana ya watu wanne: sekunde 0, sekunde 0.3, sekunde 0.6 na sekunde 0.9. Wa tano angekuwa sekunde 1.2, naye tayari yuko chini ya maji.

Jambo jingine linaloonekana katika hesabu hiyo ni kwamba karibu na kilele mtu hukaa kana kwamba ametundikwa. Kati ya sekunde 0.2 na sekunde 0.4 kimo chake hubadilika kwa sentimita chache tu, na kinachomtenganisha na nafsi yake ya fremu iliyotangulia ni ule mwendo wa kwenda mbele peke yake. Kijana anayeruka wima, bila mbio, hata akipiga samasoti ya kushangaza namna gani, atajilundika juu ya nafsi yake hapo kileleni na hakuna programu itakayomtenganisha. Kwa kazi hii mwenye mbio ndiye mwenye picha. Ndiyo sababu inafaa kukaa kwanza na kuwatazama vijana watatu au wanne wakichupa kabla ya kutoa kamera, na kuzungumza nao pia, kwa maana anayejua unachokitaka atakimbia mbali zaidi, na anayepigwa picha ana haki ya kujua picha yake inakwenda wapi.

Mahali pa kusimama panafuata hesabu hiyo hiyo. Kamera ikimtazama mchupaji kutoka ubavuni, mita zake 1.2 zinabaki mita 1.2 kwenye picha. Ikimtazama kutoka nyuma, mwendo wake wote wa mbele unapotea machoni, na watu wanne wanarudi kuwa rundo moja, kila mmoja mdogo kidogo kuliko aliyemtangulia. Fremu nayo iachwe pana kuliko inavyoelekea kuhitajika, kwa kuwa mruko wa mita 4.5 kwenda mbele na zaidi ya mita 3 kwenda chini unahitaji nafasi ya kuanzia na ya kumalizia, na mtu aliyekatwa mguu na ukingo wa picha hawezi kurudishiwa.

Sasa kamera yenyewe. Iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu, na kila kitu ambacho kamera hupenda kujiamulia kinyang'anywe. Mwanga upangwe kwa mkono, fokasi, yaani umbali ambao vitu huonekana vikali, ipangwe kwa mkono penye mstari atakaopita mchupaji kisha isiguswe, na kipimo cha rangi ya mwanga kiwekwe kwenye thamani moja badala ya kuachwa kijipime. Sababu ni kwamba fremu 12 zitakuja kuwa picha moja, na kamera inayojiamulia huziona kama picha 12 tofauti. Kosa hili nimelifanya mwenyewe katika jaribio langu la kwanza: niliiachia kamera ipime mwanga, nayo kila mwili wa kijana ulipopita katikati ya fremu ikaona giza na kuongeza mwanga, mwili ulipotoka ikapunguza. Nilipozilaza fremu zile, anga lilikuwa na mabaka kama shuka lililofuliwa vibaya, na kila kijana alizungukwa na kipande cha anga chenye rangi yake. Nilitumia usiku mzima kuyasawazisha yale mabaka. Kugeuza kitufe kimoja kabla ya mruko kungemaliza shauri.

Kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka na kufunga ili mwanga uingie, haina budi kuwa kubwa, na hapa pia hesabu inasaidia kuliko kubahatisha. Mchupaji wetu anayagusa maji akiwa na mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Katika sehemu ya 1/1000 ya sekunde anasogea milimita 9. Ikiwa fremu yenye upana wa pikseli 6000, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, inachukua eneo la mita 8, milimita 9 ni pikseli 7 hivi, ukungu mdogo ambao jicho linaweza kuusamehe. Kwa 1/250 ukungu huo unakuwa pikseli 27, na uso wa mtu unaanza kuyeyuka. Mimi naona 1/1000 ndiyo kiwango cha chini, na 1/2000 ni bora mwanga ukiruhusu, hasa kwa mtu anayepinduka, kwa sababu mikono na miguu yake huenda kasi kuliko kiwiliwili. Jioni mwanga hauwi mwingi, lakini anayetaka vivuli vyeusi mbele ya anga linalong'aa hupimia mwanga wa anga, si wa mtu, na hapo shata ya kasi haimshindi.

Stendi nayo si dawa kamili. Ikisimamishwa kwenye sakafu ile ile inayokanyagwa na wakimbiaji, kila hatua yao huitikisa kidogo, na fremu hutoka zimepishana kwa pikseli mbili tatu. Programu nyingi za kuhariri picha zina amri ya kupatanisha matabaka, yaani fremu zilizolazwa moja juu ya nyingine, ambayo hutafuta alama zinazofanana katika fremu zote na kuzisogeza mpaka zikutane, na kwa mtikisiko mdogo hufanya kazi nzuri sana. Inaweza hata kuziokoa fremu zilizopigwa kwa mkono bila stendi, mradi mandhari iko mbali. Vitu vilivyo karibu na kamera havipatani, kwa kuwa kamera ikihama hata kidogo, nguzo iliyo karibu husogea mbele ya jahazi lililo mbali, na mpishano huo hausahihishwi kwa kusukuma picha nzima upande mmoja.

Upo mtego mwingine ambao hauonekani. Fremu 10 kwa sekunde ni idadi iliyoandikwa kwenye boksi la kamera, na kamera huitimiza pale tu inapokuwa haina kazi nyingine. Fokasi ya kujiendesha, mwanga hafifu, au kumbukumbu ya ndani iliyojaa kwa sababu kadi inapokea polepole, vyote huweza kuipunguzia mwendo, na mara nyingine hupunguza katikati ya mruko bila kumwambia mtu. Namna rahisi ya kuijaribu ni kufungua saa ya kuhesabu sekunde kwenye skrini ya simu, kuipiga picha kwa mfululizo, kisha kusoma namba zilizonaswa kwenye kila fremu. Nafasi zikiwa sawa, kamera inaaminika. Zikiwa zinarukaruka, punguza kasi au ukubwa wa faili mpaka zitulie. Kwa nini usawa huo una maana kubwa kiasi hicho, tutaliona mwishoni.

Tukifika kwenye kompyuta, jambo la kwanza ni kuzifungua fremu zote kama matabaka ya picha moja, kazi ambayo programu za kuhariri picha za Photoshop na GIMP, hii ya pili ikiwa ya bure, zote huifanya. Kama zilipigwa katika faili ghafi (RAW), ambazo kamera haijazichakata, zisafishwe zote kwa mipangilio ile ile, bila kugusa kitufe cha kusahihisha kiotomatiki, ambacho kingeziamulia kila moja kivyake na kuturudisha kwenye shuka lenye mabaka. Baada ya hapo swali ni moja tu, nalo linaulizwa mara milioni kadhaa: katika nukta hii ya picha, kati ya fremu zote, ichukuliwe rangi ya fremu ipi?

Swali hilo linaeleweka vizuri zaidi tukiitazama nukta moja peke yake. Tuseme ni pikseli iliyo angani, na mwangaza wake katika fremu tisa, kwa kipimo cha 0 ambacho ni cheusi hadi 255 ambacho ni cheupe, ni huu: 120, 121, 119, 122, 35, 120, 118, 121, 120. Fremu nane zinasema mambo yanayokaribiana, tofauti ndogo ndogo zikiwa ni chembechembe za kamera, yaani makosa madogo ya bahati nasibu ya kihisi chake. Fremu ya tano inasema 35, kwa sababu wakati huo goti la kijana lilikuwa linapita hapo. Tukichukua wastani tunapata 111, yaani goti limebaki kama doa hafifu la mzimu, na mzimu wa namna hiyo ndio unaoonekana katika majaribio mengi ya kwanza ya watu wanaopunguza ukolezi wa kila tabaka wakitumaini mambo yatajipa. Tukizipanga namba kwa ukubwa na kuchukua ya katikati, tunapata 120, na goti limetoweka kabisa. Tukichukua ndogo kuliko zote, tunapata 35, na goti limebaki zima, jeusi, kana kwamba zile fremu nyingine nane hazikuwahi kusema lolote.

Njia hiyo ya mwisho ndiyo inayoitwa Darken katika orodha ya namna za kuchanganya matabaka, na kwa picha ya machweo ni zawadi. Kijana ni mweusi, anga linang'aa. Weka matabaka yote manne katika Darken na kijana anatokea mara nne ndani ya dakika moja bila kuchora chochote. Kinyume chake ni Lighten, inayochukua namba kubwa kuliko zote, na hiyo ndiyo njia ya Marey iliyohamia kwenye kompyuta: mtu mng'avu mbele ya giza, kama mchezaji aliyemulikwa taa jukwaani usiku. Anayeelewa hivi viwili anaweza kuichagua mandhari yake mapema. Aulize tu kama mtu wake atakuwa mweusi kuliko kila kilicho nyuma yake, au mweupe kuliko kila kilicho nyuma yake. Jibu likiwa "mara hivi, mara vile", ajue atafanya kazi ya mkono.

Forodhani jibu ni "mara hivi, mara vile" sehemu ya chini ya picha. Juu, penye anga, Darken haina kosa ila kulitia anga giza kidogo, kwa sababu kati ya chembechembe za kamera huwa inachagua zilizo nyeusi zaidi. Chini, penye bahari, mambo ni mengine. Kila fremu ina mawimbi yake, na kila wimbi lina upande wa giza. Darken itachukua upande wa giza wa kila wimbi kutoka kila fremu, na bahari itageuka kuwa wino. Kijana naye akipita mbele ya jahazi au mbele ya ukuta uliolowa, weusi wake unamezwa na weusi ule. Tena ngozi yenye maji hung'aa inapopigwa na jua la pembeni, na mahali hapo pa mng'ao Darken itaona anga ni jeusi kuliko bega, imwachie kijana tundu begani.

Hapo ndipo maski inapoingia. Maski ni karatasi isiyoonekana iliyogandishwa juu ya tabaka: ilipo nyeupe, tabaka linaonekana, ilipo nyeusi, limefichwa. Fremu moja huchaguliwa kuwa ndiyo mwenye nyumba, yaani itoe bahari, ukuta na watazamaji, na zile nyingine huwekewa maski nyeusi tupu, kisha mtu hupaka rangi nyeupe kwa brashi laini pale tu alipo kijana. Si lazima kufuata ukingo wa mwili kama anayekata kwa wembe. Kwa kuwa mandhari ya nyuma ni ile ile katika fremu zote, brashi ikitoka nje ya mwili sentimita kadhaa haitaonekana, na hiyo ndiyo faida ya kuwa na mwanga ulioshikwa palepale na kamera iliyotulia. Anayejikuta akikata nywele moja moja ajue kosa lake lilitokea Forodhani, halikutokea mezani.

Kinachosahaulika katika hatua hii ni vitu vinavyofuatana na mtu. Kivuli chake juu ya ukuta ni chake, na sura yake majini ni yake. Mwili ukihamishiwa bila kivuli, mtazamaji anahisi kasoro hata asipojua kuitaja. Rusho la maji ni la fremu ya mwisho tu, na likiingizwa kwa bahati mbaya chini ya kijana aliye bado hewani, linageuka kuwa hadithi ya mtu mwingine. Miili miwili ikigusana, uamuzi wa nani awe mbele ufanywe mara moja na kufuatwa mpaka mwisho. Mimi humweka mbele aliyekuja baadaye kwa wakati, kwa maana jicho humfuata anayeendelea na safari, lakini kinyume chake nacho si kosa. Kosa ni kuchanganya.

Njia ya namba ya katikati ina kazi yake pia, ingawa inamfuta mchupaji tunayemtaka. Inafuta vilevile ndege, mashua inayopita na mtazamaji aliyenyanyua mkono, na kutuachia mandhari tupu, safi, ambayo inaweza kuwa ndiyo mwenye nyumba wa picha yetu. Sharti lake ni kwamba nukta yoyote iwe imezibwa katika fremu chache kuliko nusu. Angani sharti hilo halina taabu. Kwenye ukingo wa ukuta, ambako kijana husimama akijipanga kabla ya kuruka, anaweza kuziba nukta zile zile kwa fremu saba kati ya tisa, na namba ya katikati itamfanya yeye ndiye mandhari. Dawa yake ni kuendelea kupiga fremu nyingine baada ya kijana kuzama, ukuta ukiwa mtupu, kabla mwanga haujabadilika.

Mwenye simu hajaachwa nje. Simu nyingi hupiga mfululizo, na nyingi huuruhusu mwanga na fokasi vifungwe kwa kubonyeza skrini na kushikilia. Video nayo inafaa: fremu moja ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3, na inachapika vizuri kwenye ukurasa wa A4. Kwa video ya fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ya 18 ndiyo sekunde 0.3 yetu. Udhaifu wake ni kwamba jioni simu hupunguza kasi ya shata ili ipate mwanga, na fremu ambazo zilionekana safi zikikimbia hutoka zina ukungu zinaposimamishwa. Mchana hali huwa nzuri zaidi.

Turudi kwenye usawa wa nafasi. Katika mfano wetu, kimo cha kijana tukikipima kutoka mahali alipoondokea ni sifuri mwanzo, sentimita 40 juu kwenye sekunde 0.3, sentimita 8 chini kwenye sekunde 0.6, na sentimita 145 chini kwenye sekunde 0.9. Hatua ya kwanza ni kupanda 40, ya pili ni kushuka 48, ya tatu ni kushuka 137. Kutoka hatua ya kwanza hadi ya pili tofauti ni sentimita 88. Kutoka ya pili hadi ya tatu, sentimita 88 tena, ukiacha makosa ya kukadiria yasiyozidi sentimita moja. Hiyo ni nguvu ya mvutano wa dunia, imekaa ndani ya picha ya kijana anayecheza, na mtu mwenye rula anaweza kuisoma. Kwenda mbele, nafasi ni sentimita 120 kila mara. Nafasi hizo za mbele zisipokuwa sawa, ama kamera ilisuasua ama mpiga picha amechagua fremu zilizompendeza na kuruka nyingine.

Kuchagua kwa kupendezwa si dhambi katika tangazo au bango, na picha nyingi nzuri zimetengenezwa hivyo. Lakini fremu ya kilele ikiongezwa nafasi na za kushuka zikibanwa, kijana anaonekana kuelea, na mruko uliomchukua sekunde moja unaonekana kama safari. Kwenye habari za michezo au makala ya mafunzo hilo halikubaliki, na hata picha iliyounganishwa kwa uaminifu haipaswi kupita kama fremu moja iliyopigwa mara moja, maana msomaji ana haki ya kujua kwamba hapakuwa na vijana wanne. Maelezo yake hayahitaji kuwa marefu. Chini ya picha yanatosha maneno haya: mruko mmoja, mtu mmoja, fremu 4, sekunde 0.3 kati ya fremu na fremu.